Uzito wa Mheshimiwa Chiku

Nchi yenyewe haitatajwa jina hapa. Waliowahi kuishi humo wataitambua bila kuambiwa, na wale ambao hawakujaaliwa bahati hiyo watadhani inazungumzwa nchi ya jirani, dhana ambayo siku zote husaidia kudumisha utulivu mipakani. Inatosha kusema kwamba ilikuwa na bendera, wimbo, bunge lenye viyoyozi, na Mkuu wa Nchi aliyeitwa Baba Msingi.

Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na kamati aliyoiteua. Lilitokana na kazi aliyoipenda kuliko zote, yaani kuweka mawe ya msingi. Aliweka jiwe la msingi la hospitali, la chuo kikuu, na la daraja la mto ambao wataalamu walikuwa bado wanautafuta. Mawe hayo yakabaki mawe, yakazungushiwa minyororo ya shaba, na wanafunzi wakawa wanapelekwa kuyatazama ili waone maendeleo kwa macho yao. Katika utawala wake wote ni jiwe moja tu lililowahi kuota jengo: lile la Kiwanda cha Nguvu Mpya, ambacho kiliyeyusha betri kuukuu za magari pembeni mwa mtaa wa Mianzini na kutoa humo madini ya risasi ya kuuzwa ng'ambo. Moshi wake ulionekana toka mbali, na katika hotuba ulitajwa kama ushahidi.

Nchi hiyo ilikuwa na desturi moja ambayo wageni waliiona ngumu na wenyeji waliiona ya kawaida. Mtu yeyote aliyemzidi Mkuu wa Nchi kwa jambo lolote alitendewa moja kati ya mambo mawili: alifungwa au aliteuliwa. Mkulima aliyevuna boga kubwa kuliko maboga ya shamba la Ikulu alifungwa, kwa sababu mvua ilikuwa ya wote na yeye aliitumia peke yake. Mwanamke aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko ya Baba Msingi katika hafla ya wazazi aliteuliwa kuwa balozi, akapelekwa kwenye nchi ya baridi ambako watu hawacheki. Kuhusu kipi kilichoamua kati ya gereza na wadhifa, mabingwa wa katiba waliandika vitabu vinene vilivyotofautiana, ila wote walikubaliana kwamba ilitegemea Baba Msingi amekula nini mchana.

Msimamizi wa desturi hiyo alikuwa Bwana Badawi Mkufya, Mkuu wa Itifaki. Alikuwa mjane, mtu mpole mwenye kanzu zisizo na kunyanzi, aliyejua nani akae wapi, nani aingie kabla ya nani, na nani aanze kucheka kiongozi anapotania. Hakuwa mnafiki. Aliamini kwa moyo mweupe kwamba nchi ile haikuvunjika kwa sababu kila mtu alionyeshwa kiti chake, na kwamba siku watu watakapoanza kujikalia ovyo ndipo damu itakapomwagika. Aliishi katika nyumba ndogo ndani ya uzio wa Ikulu, ambamo kanuni ilikataza mtoto yeyote kulala. Kanuni hiyo aliitunga yeye.

*

Mambo yalianza pale Baba Msingi alipohema akipanda ngazi za jukwaa. Ngazi zikapunguzwa. Akahema jukwaani. Jukwaa likashushwa hadi likawa sawa na ardhi, naye akaendelea kuhema. Ikabidi liitwe jopo la madaktari wa moyo, ambao walimpima kwa utulivu wakamweleza kuwa shinikizo lake la damu lilikuwa juu, kwamba apunguze chumvi na mafuta, atembee jioni, na ameze kidonge kimoja kila asubuhi maisha yake yote.

"Kidonge hicho kinamezwa na nani mwingine?" aliuliza Baba Msingi.

Mkubwa wao, kwa uaminifu usio na tahadhari, akajibu kuwa kilimezwa na watu wengi sana, hata mama lishe wa pale sokoni alikuwa nacho kwenye kibweta cha unga.

Jopo likavunjwa alasiri hiyohiyo.

Nafasi yake ikashikwa na Profesa Fulgensi Lwambano, aliyepata uprofesa katika chuo kikuu kilichotajwa hapo juu, ambacho kilikuwa hakijaanza kufundisha. Yeye hakumpima Baba Msingi moyo. Alimtazama tu kwa huzuni ya heshima, kisha akasema:

"Mheshimiwa, moyo wako si mgonjwa. Moyo wako umeelemewa. Umejaa metali nzito: risasi, zebaki, kadimiamu. Kila ulipoinama kuweka jiwe la msingi, vumbi la ujenzi wa taifa lilikuingia. Sisi wengine tulikuwa tunavuta hewa. Wewe ulikuwa unavuta maendeleo."

Baba Msingi alimwonyesha kiti. Hakuna daktari aliyewahi kumweleza ugonjwa wake kwa ukweli kama huo.

Tiba, alifafanua Profesa, ni ya dripu. Dawa huingia mshipani, huzunguka mwilini ikiikamata metali, kisha hutoka nayo kwa njia ya haja ndogo, na moyo hubaki mwepesi kama wa kijana. Ili kuthibitisha, alimtundikia Baba Msingi dripu moja kwanza, halafu ndipo akapima mkojo, na kweli metali ikaonekana. Jambo ambalo Profesa hakulisema, kwa kuwa hakuulizwa, ni kwamba dawa ile ikimwingia mtu yeyote aliye hai, awe mchungaji wa mbuzi au mbuzi mwenyewe, haikosi kutoka na metali kidogo, na kipimo kinachochukuliwa baada yake hakimwambii mtu kitu. Jambo jingine ambalo hakulisema ni kwamba tiba yenyewe ni ya kweli, na iliokoa wengi, ila iliokoa waliokuwa wamekula sumu ya metali kweli. Kuhusu mioyo ya watu wazima walioshiba, wataalamu wa nchi za mbali walikuwa wamebishana miaka na miaka na bado hawajaona cha kushangilia.

Matokeo yakasomwa redioni baada ya wimbo wa taifa. Toka siku hiyo metali mwilini ikawa kipimo cha utumishi. Aliyekuwa nayo nyingi alikuwa amelitumikia taifa. Aliyekuwa nayo kidogo alitazamwa kwa jicho la kuuliza. Waziri wa Fedha, ambaye majibu yake yalitoka karibu meupe, alikutwa siku moja akilamba rangi ya dirisha la wizara yake. Waziri wa Ulinzi alilalia betri ya lori. Vikao vya Baraza la Mawaziri vikawa vinafanyika huku wote wametundikiwa dripu, na ni Bwana Badawi aliyepanga urefu wa vyuma vya kutundikia: chupa ya Baba Msingi juu kabisa, ya Makamu chini yake kidogo, hivyo hivyo hadi kwa Naibu Waziri wa Mazingira, ambaye chupa yake ilikuwa usawa wa goti na dawa haikushuka kabisa. Vidole vya Waziri wa Elimu vilipoanza kujikunja na midomo yake kufa ganzi, Profesa alieleza kwamba huo ni msisimko wa kizalendo. Kumbe dawa aliyoichagua haikuchagua cha kukamata. Ilikuwa inafagia pia kalsiamu, ambayo moyo huihitaji ili upige.

Bwana Badawi akatunga kanuni mbili za kukamilisha mpango. Ya kwanza: dawa zote za aina hiyo nchini zikusanywe katika ghala la Ikulu, zitumiwe na wenye cheo peke yao. Ya pili: asitokee mtu mwenye metali nyingi kuliko Mkuu wa Nchi, akitokea, desturi ifuate mkondo wake.

Alipomaliza kuzitunga alilala vizuri.

*

Bwana Badawi alikuwa na binti mmoja, Hidaya, aliyeolewa Mianzini na kijana aitwaye Mzamilu. Mzamilu alifanya kazi kwenye tanuri la Kiwanda cha Nguvu Mpya, na jioni aliporudi, shati lake likiwa limetanda vumbi la kijivu, mtoto wao alimkimbilia na kumkumbatia miguu. Mtoto huyo aliitwa Chiku. Alikuwa na umri wa miaka minne, na kwa muda mrefu sifa yake kubwa ilikuwa mdomo. Aliuliza kwa nini kuku hana meno, na akijibiwa aliuliza kwa nini jogoo naye hana.

Kisha akaanza kunyamaza. Kwanza yalipotea maswali, halafu yakapotea maneno yenyewe, moja moja. Akawa analia tumbo, anakataa chakula, anakaa kivulini mchana kutwa kama mzee aliyestaafu. Hidaya akampeleka kliniki ya watoto, na jioni akamwita baba yake.

Daktari wa kliniki hiyo, Grasiana Ndomba, alikuwa mwanamke mrefu mwenye macho ya mtu aliyechoka kuandika ripoti zisizosomwa. Alimtoa Chiku damu mkononi bila kumpa dawa yoyote kwanza, akaipima, akaipima tena.

"Mzee Badawi," alisema, "mjukuu wako ana risasi kwenye damu. Nyingi. Watoto wa mtaa huu wengi wanayo, lakini huyu amekwenda mbali. Ikiendelea hivi, haya maneno aliyoyapoteza hatayapata tena, na anaweza kuanza kuanguka kifafa. Au tukampoteza."

"Dawa ipo?"

"Ipo. Ni ndugu wa ile mnayotundikiana huko kwenu, ila hii ninayoitaka mimi haifagii kalsiamu. Nilikuwa na maboksi yake hapa. Walikuja kuyachukua kwa gari lenye bendera."

Bwana Badawi alitazama sakafu. Gari lile alilituma yeye, na bendera aliagiza ipigwe pasi.

"Na hata ningekuwa nayo," aliendelea daktari, "siwezi kumpa dawa halafu nikamrudisha kwenye vumbi lile. Itakuwa kama kumwogesha mtoto na kumvika tena nguo ya matope. Lazima ahame pale. Vyote viwili, Mzee. Ahame, na apate dawa."

Hidaya, aliyekuwa amempakata mtoto, aliuliza kwa sauti ndogo: "Baba, si unakaa karibu na hiyo dawa?"

"Karibu sana," alisema Bwana Badawi. "Ghala liko nyuma ya nyumba yangu."

"Basi si uiombe?"

Hapo ndipo aliposoma majibu vizuri. Nambari ya Chiku ilikuwa juu ya nambari ya Baba Msingi. Haikuwa juu kidogo, kiasi cha mtu kujitetea kwamba mashine imechakaa. Ilikuwa juu kwa namna ya ufedhuli.

*

Alianza kwa Profesa Lwambano, ambaye alimsikiliza kwa upole wote wa mtu mwenye miadi nyingine.

"Ndugu yangu Badawi, hili ni dogo. Tutaandika nambari ya chini. Mtoto atakuwa mzima kwa mujibu wa kumbukumbu zote za serikali, na wewe utabaki na kazi yako."

"Akiandikwa mzima, atapata dawa?"

"Mtu mzima anataka dawa ya nini?"

"Atakufa, Profesa."

"Atakufa akiwa na majibu mazuri," alisema Profesa, akainuka kumpa mkono.

Bwana Badawi alirudi nyumbani kwake, akakaa kwenye kiti, kisha akahamia kingine. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kukosa kujua mtu akae wapi, na sasa hakujua mahali pa kumweka mtoto wa miaka minne. Akinyamaza, Chiku atazikwa. Akisema, Chiku atakuwa amemzidi Mkuu wa Nchi mbele ya mashahidi, na itabaki kuwa gereza au wadhifa, na baina ya hayo mawili hapana nafasi ya mtu kupenya. Alimkumbuka mkulima wa boga, ambaye shauri lake alilisimamia yeye mwenyewe, akionyesha kizimba kwa mkono ulionyooka.

Kesho yake aliomba kuonana na Baba Msingi baada ya chakula cha mchana. Alipopita jikoni kuuliza kilichopikwa, aliambiwa ni maboga ya kuchemsha yasiyo na chumvi. Akaenda hivyo hivyo.

Baba Msingi alikuwa kitandani, ametundikiwa, anahema.

"Sema, Badawi."

"Mheshimiwa, ametokea mtu aliyekuzidi metali."

Profesa, aliyekuwa akikaza mpira wa dripu, aliangusha kibano.

"Mbunge?" aliuliza Baba Msingi.

"Hapana, Mheshimiwa. Ni mjukuu wangu, mtoto wa Hidaya. Ana miaka minne."

"Miaka minne. Na ametumikia wapi huyo?"

"Mianzini, Mheshimiwa. Anacheza."

"Anacheza na nini hadi anizidi mimi?"

Bwana Badawi alivuta pumzi. "Na vumbi la Kiwanda cha Nguvu Mpya. Kile ulichokiwekea jiwe la msingi kwa mkono wako."

Profesa alisogea akasema kwa haraka kwamba, kwa maoni yake ya kitaalamu, hili lilikuwa jaribio la kupindua nambari ya serikali, na kwamba desturi ilikuwa wazi, mtoto afungwe.

"Afungwe wapi?" aliuliza Baba Msingi. "Gereza la watoto limefikia wapi, Badawi?"

"Lina jiwe la msingi, Mheshimiwa."

"Kuta?"

"Bado."

Baba Msingi alifumba macho. Alikuwa kiongozi wa sheria: kati ya mambo mawili, moja likikosa kuta, lilibaki lingine. Zaidi ya hapo, aliguswa. Alikuwa ameweka mawe mengi, na leo, kwa mara ya kwanza, mtu alimletea habari kwamba mojawapo lilikuwa limemwingia mwananchi.

"Naibu Waziri wa Viwanda," alisema. "Apewe nyumba kule Kilimani, gari, na dripu. Lakini chupa yake isizidi yangu urefu."

*

Mheshimiwa Chiku Mzamilu aliapishwa akiwa amelala begani kwa mama yake. Jaji Mkuu alisoma kiapo, Hidaya akaitikia kwa niaba, na magazeti yakasifu unyenyekevu wa kiongozi kijana asiyependa kujionyesha. Familia ikahamia Kilimani, ambako upepo ulitoka milimani na hapakuwa na vumbi la kijivu. Mzamilu aliacha tanuri, akaajiriwa kuwa mlinzi wa geti la Naibu Waziri, kwa sharti la kumpigia saluti mwanawe kila asubuhi.

Daktari Grasiana aliruhusiwa kuingia ghalani kwa sababu Naibu Waziri alistahili daktari wake. Maboksi yake aliyakuta kwenye kona, hayajafunguliwa. Yalikuwa na picha ya mtoto pembeni, na hakuna waziri aliyekubali kutundikiwa dawa yenye picha ya mtoto.

Barazani, Mheshimiwa Chiku aliketi kwenye mito miwili na kusinzia. Hakuchangia hoja yoyote, jambo lililomjengea sifa ya busara haraka kuliko mawaziri waliotangulia. Makamu wa Mkuu wa Nchi alianza kunyamaza kwa kumuiga. Kipindi cha kwanza cha dawa kikaisha, akapumzishwa, kikaanza cha pili. Katikati ya kikao cha bajeti, bila mtu kumtarajia, Mheshimiwa alifumbua macho, akamtazama Waziri wa Fedha aliyekuwa karibu na dirisha, akasema:

"Babu, mbona unalamba?"

Hidaya, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti chake, alifunika uso kwa khanga na kulia. Mawaziri walidhani ni aibu. Bwana Badawi, aliyekuwa mlangoni, alilazimika kutoka nje, akasimama ukumbini akielekea ukutani mpaka kanzu ikatulia mabegani. Lilikuwa swali la kwanza toka lile la jogoo.

*

Habari haikawii kufika Mianzini. Mtaani kwa Hidaya alikuwapo jirani aliyeitwa Mama Shukuru, muuza mkaa, ambaye mwanawe wa miaka mitano alikuwa ameanza kusahau majina ya ndugu zake. Huyo ndiye aliyewaza kwa sauti, penye bomba, kile ambacho kila mama alikuwa anakiwaza kimya kimya.

"Kwani Chiku amefanya nini ambacho wetu hawajafanya? Vumbi si moja? Mimi Shukuru wangu analila kwa kijiko."

"Mwenzangu, watafungwa," alisema mmoja.

"Wafungwe wapi? Gereza lenyewe jiwe. Nimelikalia juzi nikingojea mvua iishe."

Asubuhi moja wakajaa kwenye lango la Itifaki, akina mama na watoto wao migongoni, kila mmoja na karatasi ya kliniki mkononi. Daktari Grasiana alikuwa amewapima wote kwa njia ileile ya damu. Karibu kila mtoto alikuwa amemzidi Mkuu wa Nchi. Askari wa lango walikoki bunduki, kisha wakakumbuka kwamba watu wale, kwa mujibu wa kanuni, huenda walikuwa mawaziri watarajiwa, wakapiga saluti.

Bwana Badawi aliitwa. Alijua lililomkalia shingoni. Mjukuu wake alikuwa amekwishaokoka. Kutoka hapo, busara ya kazi ilitaka awafukuze wale kwa upole, na hapakuwa na mtu ambaye angemlaumu. Aliwatazama watoto migongoni. Walikuwa kimya, wote, kimya kile alichokijua.

"Karibuni," alisema. "Wenye nambari za juu wakae mbele."

Akawapanga katika Ukumbi wa Mabalozi, kwenye viti vya mahameli, kwa ustadi ule ule aliowapangia wafalme. Baba Msingi alipokokotwa kwenye kiti cha magurudumu kwenda kikaoni, alikuta ukumbi umejaa watoto wanaomkodolea macho.

"Badawi, hawa ni nani?"

"Ni waliokuzidi, Mheshimiwa. Nimewapanga kwa itifaki. Yule wa mbele kabisa, Shukuru, amekuzidi mara nyingi."

Shukuru alikuwa amelala, kamasi zinamtoka. Baba Msingi alimtazama kwa wivu usiofichika.

"Wanaipata wapi?" aliuliza hatimaye.

Swali hilo, ambalo lingefaa kuulizwa na mawaziri wawili, kamati tatu na Profesa mmoja, lilikuwa halijaulizwa na mtu. Profesa alijaribu kulijibu kwa maneno ya Kilatini. Bwana Badawi alimtangulia, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alisema bila kuonyeshwa zamu.

"Kiwandani, Mheshimiwa. Moshi wake ni risasi. Inatua kwenye maji, kwenye unga, kwenye mikono yao. Watakuja wengine kesho, na kesho kutwa, na wote watakuzidi, mpaka siku kile kitakapofungwa."

Baba Msingi alibadilika rangi. "Kwa hiyo kuna mtu Mianzini anagawa heshima ya taifa kwa yeyote anayepita, bila kibali changu?"

"Kila siku, Mheshimiwa. Hata usiku tanuri halizimwi."

Kiwanda cha Nguvu Mpya kilifungwa saa hiyohiyo. Mkurugenzi wake alishitakiwa kwa kosa la kusambaza hadhi kwa rejareja. Vumbi lote la Mianzini likatangazwa kuwa mali ya Mkuu wa Nchi. Wanajeshi wakaenda na majembe, wakakwangua udongo wa juu mtaa mzima, wakaupakia kwenye malori yaliyofunikwa maturubai na kuumwaga katika bustani ya Ikulu, ambako mawaziri walikuwa wanaruhusiwa kutembea pekupeku siku za sikukuu. Na kwa kuwa haikuwezekana kuvumilia mtaa mzima uliomzidi kiongozi, Baba Msingi akatoa agizo lililoitwa Operesheni Shusha: watoto wote wateuliwe mara moja kuwa Mawaziri Wasio na Wizara, ili dawa iwafikie kwa mujibu wa kanuni, na kila atakayeshuka chini ya nambari ya Mkuu wa Nchi afukuzwe kazi hadharani, kwa jina, bila kiinua mgongo.

"Washusheni wote," aliagiza. "Abaki mmoja tu mwenye uzito katika nchi hii."

Daktari Grasiana alibeba maboksi yake akarudi kliniki. Alipokuwa anaaga, alimwambia Baba Msingi kwa adabu kwamba bado angemshauri kile kidonge cha asubuhi.

"Kile cha mama lishe?" aliuliza Baba Msingi.

"Ndicho, Mheshimiwa. Yeye anapanda ngazi vizuri tu siku hizi."

Akaonyeshwa mlango. Profesa akaongeza dripu ya tatu.

*

Toka hapo, kila Ijumaa alasiri, redio ya taifa ilisoma majina ya mawaziri waliofukuzwa. Mianzini walikuwa wakikusanyika uani kwa Mama Shukuru, ambaye redio yake ilikuwa na betri nzuri. Jina likisomwa, mama yake alipiga kigelegele, wenzake wakampokea, na mtoto aliyefukuzwa akarushwa juu huku akiuliza amefanya nini. Majirani wasiojua habari walidhani kuna harusi isiyokwisha.

Jina la Mheshimiwa Chiku Mzamilu lilisomwa Ijumaa yenye manyunyu, likifuatiwa na maelezo kwamba ameondolewa kwa kupungukiwa uzito wa utumishi, na kwamba aondoke Kilimani na kurudi alikotoka. Bwana Badawi alikuwapo uani siku hiyo, ameketi kwenye kigoda, pasipo mtu kumwonyesha. Hidaya, aliyeshuka Kilimani na mwanawe kuja kusikiliza, alimshika mkono baba yake. Chiku, aliyekuwa akichora ardhini penye udongo mpya mwekundu, aliinua kichwa.

"Babu, huyo aliyenifukuza ni nani?"

"Mkuu wa Nchi."

"Ana umri gani?"

"Mkubwa kuliko mimi."

"Na yeye atafukuzwa lini?"

Watu uani walichungulia nje ya uzio kuona kama kuna mtu. Kisha mtangazaji akaendelea na majina mengine, akafika mwisho, na wimbo ukapigwa.

Jina la Shukuru halikusomwa. Mama yake alikuwa amekaa na khanga mdomoni toka mwanzo. Sasa alizima redio, akamtazama mtoto aliyemlalia mapajani.

"Bado ni waziri," alisema.

Bwana Badawi alisogeza kigoda chake karibu naye.

"Usikate tamaa, mwanangu," alimwambia. "Nambari yake inashuka, daktari ameniambia leo. Ijumaa nyingine watamfukuza."